Wiki Moja Dubai kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Makosa ya anayekwenda Dubai mara ya kwanza hufanana, awe ametoka Kondele, Kakamega mjini au Section 58. Analipia tiketi kabla pasipoti haijatoka. Anachagua hoteli kwa bei peke yake, kisha kila safari ya kwenda mjini inamla saa nzima na nauli ya teksi. Anapanga mambo matatu kwa siku katika jiji la jangwani, na kufikia siku ya nne miguu imevimba, hela zimepungua na kilichobaki ni kulala chumbani akitazama televisheni.

Dawa yake ni mambo mawili: kufuata hatua kwa mpangilio wake, na kukubali jambo moja kubwa kwa siku. Jambo kubwa ni lile linalohitaji tiketi, safari ndefu au foleni. Mengine yote ni kutembea, kula na kupumzika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye angalau miezi 6 ya uhai kuanzia siku utakayoingia Dubai
- Picha ya pasipoti yenye mandhari meupe, ya karibuni
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano
- Kadi ya benki ya plastiki, ya Visa au Mastercard, iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi
- Dola za Marekani taslimu, noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi
- Nakala mbili za kila hati: moja ya karatasi ndani ya begi, nyingine kwenye barua pepe
- Sweta nyepesi, kofia, miwani ya jua, viatu vilivyozoea mguu
- Chupa ya maji ya kujaza tena

Adapta ya umeme usinunue. Soketi za Dubai ni zile zile za matundu matatu tulizo nazo Kenya, na chaja yako itaingia bila tatizo. Wauzaji wa vifaa vya simu hawatakwambia hilo.

## Hatua ya 1: Pasipoti kwanza, kila kitu kingine baadaye

Maombi hufanywa kupitia eCitizen. Pasipoti ya kurasa 34 inatosha msafiri wa kawaida, na ada yake ni shilingi 7,500. Alama za vidole hazichukuliwi Nairobi pekee. Kuna ofisi za uhamiaji Kisumu, Nakuru na Eldoret. Chagua iliyo karibu wakati wa kujaza fomu, kwa sababu kuhamisha miadi baadaye ni usumbufu.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba nambari ya pasipoti ndiyo inayoingia kwenye viza, na jina lililo kwenye pasipoti ndilo litakaloandikwa kwenye tiketi. Wengi hukwama kwenye jina. Ukiitwa Achieng' nyumbani lakini pasipoti ina majina matatu, tiketi ifuate pasipoti, herufi kwa herufi: jina la ukoo mahali pake, majina mengine mahali pake. Herufi moja ikikosewa, kuirekebisha kunaweza kukutoza ada, na ukiigundua kwenye kaunta ya JKIA umechelewa.

Chanjo ya homa ya manjano ifanywe sasa pia. Huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo ya dakika za mwisho haikusaidii. Ukishaipata, kadi ni ya maisha yako yote. Tangu 2016 hakuna tena haja ya kuirudia kila miaka 10. Kama uliwahi kuchanjwa, itafute kabatini kabla hujalipa upya.

## Hatua ya 2: Chagua msimu

Novemba hadi Machi ndio wakati wa kwenda. Mchana huwa na nyuzijoto kati ya 24 na 30 hivi, na usiku wa Januari unahitaji sweta, kama Nakuru mwezi wa Julai.

Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, tena lenye unyevunyevu wa bahari. Serikali ya huko hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Ikiwa fundi aliyezoea jua la huko analazimishwa kupumzika, mtalii wa Kakamega hana biashara barabarani saa hizo. Hoteli huwa rahisi sana wakati huo, na hapo ndipo watu hunaswa: unaokoa pesa ya chumba, kisha unaimaliza kwa teksi kwa sababu hakuna kutembea. Isitoshe, vivutio vya wazi kama Global Village na Miracle Garden hufungwa majira ya joto.

Angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kwa miaka hii inaangukia msimu mzuri wa hewa. Si wakati mbaya hata kidogo kwa anayetaka utulivu: mchana jiji limepoa, usiku linachangamka. Lakini saa za maduka na ofisi hubadilika, na ni adabu kutokula wala kunywa ukitembea barabarani kabla ya magharibi.

## Hatua ya 3: Viza, na maneno ya kuepuka

Mkenya hapewi viza ya utalii baada ya kutua. Huombwa mapema kupitia shirika la ndege utakalosafiri nalo, wakala wa safari, au baadhi ya hoteli. Ya siku 30 ya kuingia mara moja inatosha wiki moja na kubaki.

Linganisha bei kwa mawakala angalau watatu, na uulize maswali haya: Je, bei inajumuisha bima? Ikikataliwa, kiasi gani kinarudi? Nitapokea hati kwa jina langu kamili? Wakala anayetaka pesa zote kwa nambari ya simu ya kibinafsi, bila risiti wala ofisi, mwache aende zake.

Onyo la pili ni zito zaidi. Akikwambia mtu kwamba uingie na viza ya utalii, "kazi utapata ukifika," huo si mpango wa mapumziko. Viza ya utalii hairuhusu kazi, na kupitisha muda kunatozwa dirhamu (pesa ya huko) 50 kwa kila siku. Maafisa wa JKIA nao huuliza wasafiri wa mara ya kwanza maswali: unakwenda kufanya nini, utakaa wapi, unarudi lini. Ukiwa na tiketi ya kurudi, hoteli iliyolipiwa na jibu fupi la kweli, mazungumzo huisha haraka.

Umefaulu hatua hii ukiwa na hati ya viza mkononi, na jina, nambari ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa vyote vinalingana na pasipoti. Visome kwa sauti ukiwa na mtu wa pili ameshika pasipoti.

## Hatua ya 4: Tiketi, na hesabu ya saa

Kutoka Nairobi hadi Dubai bila kusimama ni takriban saa tano. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hivyo uchovu utakaokuwa nao ni wa kukosa usingizi, si wa kubadilisha majira.

Saa ya tiketi ndiyo inayowaacha watu. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ikisema 22:45, hiyo ni saa nne na dakika arobaini na tano usiku. Ikisema 00:40 tarehe 12, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe JKIA tarehe 11 jioni. Kuna watu waliofika uwanjani tarehe 12 saa tatu usiku, mabegi mkononi, ndege yao ikiwa imeondoka zaidi ya saa ishirini zilizopita.

Chagua, ukiweza, ndege inayokufikisha Dubai jioni au alasiri. Hoteli nyingi hufungua vyumba saa nane au saa tisa alasiri. Ukitua alfajiri utakaa ukumbini saa nane nzima huku ukisinzia juu ya begi, na hiyo ndiyo siku yako ya kwanza imekwisha. Kama tiketi ya alfajiri ndiyo pekee inayofaa mfukoni, uliza hoteli bei ya kuingia mapema, au lipia usiku uliotangulia na uwaandikie kwamba utafika alfajiri wasije wakakiuza chumba.

### Kufika JKIA

Kutoka Kisumu, ndege ya ndani huchukua chini ya saa moja. Hakikisha tiketi inasema JKIA, kwa maana zipo zinazotua Wilson, na kutoka Wilson hadi JKIA ni kupambana na msongamano wa Nairobi. Ukinunua tiketi mbili zisizounganishwa, begi halitahamishwa na mtu. Utalichukua mwenyewe, utoke jengo la safari za ndani, uingie la kimataifa. Weka nafasi ya saa tano au sita kati ya kutua na kuruka. Soma pia kiwango cha mizigo cha ndege ya ndani. Tiketi rahisi kabisa mara nyingi hairuhusu begi kubwa.

Wa Kakamega, Vihiga au Bungoma apime Kisumu na Eldoret, achague yenye ratiba inayomfaa.

Kutoka Nakuru ni barabara, takriban kilomita 160 hadi Nairobi. Siku ya kawaida ni saa tatu hivi, lakini Jumapili jioni na mwisho wa sikukuu, Naivasha hadi Nairobi inaweza kukuweka barabarani maradufu ya hapo. Ondoka asubuhi kwa ndege ya usiku. Kungojea uwanjani kunachosha lakini hakugharimu tiketi mpya.

## Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Kwa wiki ya kwanza isiyo na papara, lala Deira au Bur Dubai, umbali wa dakika zisizozidi saba kwa miguu kutoka kituo cha metro. Vituo vya kuangalia ni Union, Al Rigga, Baniyas Square na BurJuman. Maeneo haya ni ya zamani na hayana madoido, lakini chakula ni cha bei ya kawaida, maduka ya kubadilisha pesa yako kila kona, na uwanja wa ndege uko karibu. Marina na Jumeirah ni pazuri kutembelea, ila ukilala huko utalipa zaidi kwa kila kikombe cha chai.

Usiishie kutazama umbali kwenye ramani kwa kilomita. Dubai ina barabara za njia kumi na mbili au zaidi, na jengo unaloliona ng'ambo linaweza kukuhitaji uzunguke nusu saa. Pima kwa dakika za kutembea.

Bei unayoiona mtandaoni huenda si ya mwisho. Kuna kodi ya VAT ya asilimia 5, ada za hoteli, na ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Hii ya utalii kwa kawaida hulipwa pale mapokezi.

Jitayarishe kwa amana. Mapokezi watazuia kiasi fulani kwenye kadi yako, au watake taslimu, na huachiliwa ukiondoka. Kwenye kadi, pesa hizo huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hivyo usizihesabu katika matumizi ya safari. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ni nzuri kwa kulipia tiketi ukiwa nyumbani, lakini si ya kutegemea mapokezi, na haitoi pesa kwenye ATM. Ndiyo maana kadi ya plastiki iko kwenye orodha ya juu.

Na kama una binamu Sharjah aliyesema "njoo ukae kwangu"? Ukarimu wake ni mkubwa na chumba ni bure, lakini metro haifiki Sharjah, na msongamano wa asubuhi na jioni kati ya miji hiyo miwili unajulikana na kila anayeishi huko. Mtembelee siku moja, Jumamosi au Jumapili, ulale kwake usiku mmoja ukipenda. Wiki nzima hapana. Fahamu pia kwamba Sharjah hairuhusu pombe kabisa.

## Hatua ya 6: Pesa

Dirhamu imefungwa kwa dola: dola 1 ni dirhamu 3.67, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa shilingi, zidisha bei ya dirhamu kwa 35 na utakuwa karibu na ukweli. Shati la dirhamu 60 ni shilingi 2,100. Fanya hesabu hiyo kila mara wiki nzima. Tarakimu za dirhamu ni ndogo na hudanganya mkono.

Badilisha shilingi kuwa dola Kisumu au Nakuru, kisha dola kuwa dirhamu Dubai. Uwanjani badilisha dola 20 au 30 tu za teksi na chakula cha kwanza, kwani bei za mjini huwa nzuri zaidi. Benki nayo ijulishwe tarehe za safari, la sivyo kadi inaweza kufungwa ukiwa kwenye mashine ya pesa saa tatu usiku.

Makadirio ya mtu mmoja kwa siku saba, mbali na tiketi, viza na hoteli:

- Usafiri: dirhamu 200
- Chakula, 70 kwa siku: dirhamu 490
- Viingilio na safari ya jangwani: dirhamu 500
- Laini ya simu na bando: dirhamu 100
- Akiba: dirhamu 400

Jumla dirhamu 1,690, yaani karibu shilingi 59,000. Manunuzi hayamo. Ukiwa umetumwa nguo, simu na manukato na watu wa kwenu, wakupe pesa kabla hujaondoka.

## Hatua ya 7: Begi, na vitu vitakavyokuletea shida

Dawa ndizo za kuangaliwa kuliko kitu chochote. Codeine na tramadol zinadhibitiwa vikali, na codeine imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na hata Betapyn, ambayo wengi hapa huinunua dukani kwa maumivu ya kichwa. Iache nyumbani. Kama unatumia dawa ya daktari kila siku, angalia mtandao wa wizara ya afya ya Falme za Kiarabu kama inahitaji kibali, ukiombe mapema, na usafiri na dawa ikiwa ndani ya pakiti yake pamoja na barua ya daktari.

Miraa ni dawa haramu huko, hata kifurushi kidogo. Na usibebe mzigo wa mtu, hata "ni unga tu wa dada yangu," kama hukuuona ukifungwa.

Nguo za kawaida za heshima zinatosha: mabega na magoti yafunikwe unapokuwa sokoni na kwenye ofisi. Ufukweni nguo za kuogelea ni sawa, ila badilisha kabla ya kutoka pale. Sweta ni ya ndani ya nyumba. Viyoyozi vya maduka makubwa na metro ni vikali, na kutoka nyuzi 35 kuingia nyuzi 20 mara kumi kwa siku huchosha mwili.

## Hatua ya 8: Kutua na kufika kitandani

Uhamiaji, begi, forodha, kisha pesa kidogo. Metro ya mstari mwekundu inaingia Terminal 1 na Terminal 3. Lakini haifanyi kazi usiku kucha: Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku, Ijumaa huendelea hadi saa saba usiku, na Jumapili huanza saa mbili asubuhi. Anayetua Jumapili alfajiri akitegemea metro atakaa sana.

Teksi rasmi ina rangi ya maziwa na paa la rangi. Ile ya paa la waridi huendeshwa na mwanamke na ni ya wanawake na familia. Dada anayesafiri peke yake aiulizie hapo hapo uwanjani. Mita huanzia dirhamu 25 ukitokea uwanja wa ndege, na hadi Deira jumla huwa 40 hadi 60. Malipo ya geti la barabara huongezwa juu yake, hilo si wizi. Anayekufuata ndani ukumbini akinong'ona "taxi, taxi" si teksi.

Simu za WhatsApp za sauti na video hazipiti huko. Maandishi, picha na sauti iliyorekodiwa hupita vizuri. Mwambie mama mapema, maana ukimpigia mara tatu isiingie atadhani umepotea.

## Hatua ya 9: Kadi ya Nol na metro

Nol ni kadi ya kulipia nauli. Nunua ya aina ya Silver kwenye kituo: dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni salio la kutumia. Nauli ni 3 ndani ya eneo moja, 5 kwa maeneo mawili yanayopakana, 7.50 zaidi ya hapo. Gusa ukiingia, gusa ukitoka. Salio likiwa dogo geti linaweza kukukatalia hata kwa safari fupi, kwa sababu mfumo haujui utashuka wapi. Kadi hiyo hiyo hutumika kwenye basi na tramu.

Yanayoleta faini ya dirhamu 100: kula au kunywa (hata maji na pipi za kutafuna), na kuingia behewa lisilo lako. Kuna behewa la dhahabu lenye nauli maradufu na sehemu ya wanawake na watoto, zote zimechorwa sakafuni na kwenye milango. Wanaume huingia sehemu ya wanawake bila kujua wakati wa msongamano. Tazama sakafu kabla hujapanda.

Kuvuka barabara pasipo na kivuko nako kuna faini, dirhamu 400, na zaidi ukisababisha ajali. Kwa sisi tuliozoea kukatiza popote hapa ni pa kujifunga breki. Kwenye Sheikh Zayed Road tumia daraja la kituo cha metro. Lina kiyoyozi, na kuvuka tu ni bure.

Jina la kituo huuzwa kwa kampuni, kwa hivyo hubadilika. Ukielekezwa na mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita, thibitisha kwenye ramani ya leo.

## Hatua ya 10: Siku saba zenyewe

Siku ya 1. Lala. Jioni nunua laini na kadi ya Nol, kula karibu na hoteli, rudi.

Siku ya 2: Mkono wa bahari (Dubai Creek). Hii ndiyo siku bora ya Dubai na ndiyo ya bei ndogo kabisa. Anza saa tatu asubuhi mtaa wa Al Fahidi, kwenye vichochoro vyenye minara ya upepo. Shuka kwa miguu hadi kituo cha mashua za abra upande wa Bur Dubai. Nauli ya kuvuka kwenda Deira ni dirhamu 1. Hakuna tiketi: unapanda, unakaa kwenye ubao wa katikati ukitazama maji, na nahodha hukusanya sarafu mkiwa safarini. Kwa hivyo uwe na sarafu, si noti ya mia. Hakuna ukuta wala kamba pembeni; mtoto ashikwe mkono. Aliyezoea mitumbwi ya Dunga atajisikia nyumbani.

Ng'ambo kuna soko la viungo, kisha la dhahabu. Maduka mengi ya huko hufunga mchana hadi karibu saa kumi, na Ijumaa asubuhi pia, kwa hivyo ama uwe umefika kabla ya saa sita, ama urudi jioni. Dhahabu huuzwa kwa gramu kwa bei ya siku hiyo, na juu yake huwekwa gharama ya ufundi. Bei ya gramu haipungui. Unayoweza kubishana nayo ni ya ufundi. Uliza zote mbili kando kando, na risiti iandike uzito na karati. Anayekuvuta kando akuonyeshe "saa nzuri ghorofani," mwambie asante na uendelee.

Siku ya 3: Burj Khalifa na chemchemi. Asubuhi pumzika. Toka saa tisa. Kutoka kituo cha metro hadi Dubai Mall kuna ujia wa kutembea dakika 10 hadi 15. Wengi hushtuka kwa urefu wake, na hiyo ni kabla ya kuanza kutembea dukani. Jengo lina mita 828. Kupanda juu, nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, na uepuke saa ya machweo ambayo ndiyo ghali zaidi. Kusema kweli, kama bajeti imebana, Dubai Frame, jengo la umbo la fremu lenye mita 150, kwa dirhamu 50 hivi inatosha, tena kutoka pale unaiona Burj Khalifa yenyewe. Maonyesho ya chemchemi ni bure, huanza saa kumi na mbili jioni na hurudiwa kila nusu saa.

Siku ya 4: Hakuna mpango. Iandike hivyo kwenye ratiba, usiijaze. Ufukwe kama Kite Beach ni bure. Nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi.

Siku ya 5: Jangwani. Imewekwa hapa kwa makusudi: mwili umeshazoea joto, na bado una siku za kupona ukitikiswa. Gari hukuchukua kama saa tisa alasiri na kukurudisha saa tatu usiku. Kabla ya kuingia kwenye vilima vya mchanga, dereva hupunguza upepo wa tairi ili zitandae na zisizame, kisha mnapanda na kushuka kwa nusu saa au zaidi. Kinachoharibu siku ni tumbo: kula chakula chepesi cha mchana, keti viti vya mbele au vya katikati, tazama mbali, si simu. Mwenye ujauzito, mwenye mgongo au shingo mbovu asipande vilima. Aombe apelekwe kambini moja kwa moja. Uliza kwa maandishi kama bei ina chakula, ngamia na usafiri wa hotelini. Pikipiki za magurudumu manne karibu kila mara hulipiwa kando.

Siku ya 6: Chagua moja. Abu Dhabi kwa basi la E101 kutoka Ibn Battuta, dirhamu 25, kuona Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed. Kuingia ni bure lakini jiandikishe mtandaoni, na wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Au baki mjini ufanye manunuzi. Watakwambia pia uende Ras Al Khor kuona heroe. Kama umetoka Nakuru, okoa nauli.

Siku ya 7. Fungasha asubuhi, pima begi kwa mizani ya hoteli, kisha kwenye chai ya karak ukae tu.

## Hatua ya 11: Kurudi

Kama kuna risiti moja iliyofika dirhamu 250 kwenye duka lililosajiliwa, unaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya VAT. Sharti ni duka liliandike dai wakati wa kununua, pasipoti ikiwa mkononi, baadaye haiwezekani. Uwanjani pitia mashine za VAT kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu huenda ukatakiwa kuonyesha bidhaa. Begi likishaondoka kwenye mkanda, dai limekwisha.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ile ya maduka ya uwanjani unaweza kunyang'anywa ukitua JKIA. Beba kiondo au mfuko wa kitambaa. Risiti zote ziweke mfuko mmoja kwa ajili ya forodha.

Ukitua usiku, lala Nairobi. Gari la Nakuru au ndege ya Kisumu ya asubuhi itakukuta umeoga na mabegi yako yote yamehesabiwa.